Ng'ombe wa Tano

1.

Chini ya kibubu, maandishi yaliyochomwa kwa waya wa moto:

FUNDI SANGA
VITANDA – MILANGO – VIBUBU

na namba ya simu. Tarakimu ya mwisho imeungua vibaya: ni tatu, au ni nane.

(Ni nane. Mume na mke, wote wawili walianza kwa kupiga tatu.)

2.

Maneno ya wasimamizi wa ndoa, Mzee na Mama Mwakalinga, yaliyosomwa ukumbini mwezi Desemba, baada ya keki na kabla ya chakula:

"Wanetu Gwakisa na Bupe. Wengine wamewapa vyombo na mablanketi. Sisi tunawapa kibubu. Hakina kufuli wala mlango, kina tundu la kuingizia tu. Kila mwezi kila mmoja wenu ataingiza shilingi elfu sabini na tano, mwenzake akiona. Hiyo ni kodi ya nyumba. Kibubu hakifunguliwi, hakiazimwi, hakitikiswi. Jumapili ya mwisho ya Juni tutakuja wenyewe na nyundo."

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja wa meza ya nyuma alisema, "Chakula."

3.

Nyuma ya kalenda, kwa mwandiko wa Gwakisa, mwalimu wa hisabati, shule ya msingi:

75,000 × watu 2 × miezi 6 = 900,000
Kodi: 150,000 × miezi 6 = 900,000
Baki: 0

Chini yake, mwandiko wa Bupe:
Na tukiumwa?

Chini yake, Gwakisa:
Hatutaumwa mpaka Julai.

4.

Mimi ndiye Bupe. Nasuka nywele.

Nyumba yetu iko hapa Mbeya, vyumba viwili nyuma na fremu moja mbele, barabarani. Fremu ndiyo saluni yangu. Kodi ni moja, mkataba ni mmoja, kwa hiyo anayetutoa chumbani ananitoa na kazini. Miezi sita ya kwanza ililipwa na masalia ya kamati ya harusi. Ya pili ni juu yetu.

Tukishindwa, tunahamia Uyole kwa mama mkwe. Kuna chumba cha uani, kizuri, kina dirisha. Mama mkwe ni mtu mwema na sina neno naye. Ila Uyole sina fremu, sina wateja, na nitakuwa mwanamke anayeomba hela ya kitunguu. Nimelelewa na mama aliyeomba hela ya kitunguu kwa miaka ishirini na sita. Namjua vizuri yule mwanamke.

5.

Kitabu cha Fundi Sanga, Februari:

Jumanne tar. 18. Dada wa saluni. Kufungua kitako cha kibubu, kurudisha misumari minne ya inchi moja. 2,000. Amelipa.

6.

Karatasi ya kwanza iliyowekwa ndani ya kibubu (risiti ya mafuta ya nywele, upande wa nyuma):

Nimeazima 100,000. Send-off ya Atupele. Yeye alinichangia laki na jina lake lipo kwenye daftari la kamati. Nitarudisha kabla ya Pasaka. — B.

7.

Msomaji, usiniulize alimwandikia nani. Mimi Sanga nilimuuliza.

"Dada, hela ni yako, kibubu ni chako, barua ya nini?"

"Mwizi haandiki," akasema. "Mimi nimeandika."

Alinieleza mwenyewe, bila kuombwa, kama wateja wanavyofanya wakikaa kwenye benchi langu. Mume wake alikuwa ameshasema: tumeoa, michango basi, kila mtu abebe harusi yake. Rahisi kwa mwanaume kusema. Daftari la kamati linakaa kabatini na kila jina ndani yake lina mdomo.

Nina desturi moja. Nikishang'oa kitako, nageuka ukutani mpaka mwenye kibubu aseme tayari. Hela ya mtu haitazamwi. Nikamgeuzia mgongo, nikasikia noti, nikasikia kalamu. Aliposema tayari nikapigilia.

8.

Yaliyosemwa saluni, Ijumaa moja, vichwa vitatu vikisubiri:

"Mumeo si analipwa na serikali? Wewe unahangaikia nini?"
"Hela ya mume ni ya wote. Hela ya mke ni ya mke."
"Nani kakwambia?"
"Mama yangu."
"Na mama yako ameolewa?"
"Aliwahi."
"Bupe, mbona hucheki?"
"Inamisha kichwa."

9.

Kitabu cha Fundi Sanga, Machi:

Jumamosi tar. 15. Mwalimu. Kibubu kilekile. Misumari minne mipya, ile ya mwanzo ilipinda. 2,000. Amelipa.

10.

Nilikwenda kuiba nikakuta nimetanguliwa.

Mimi ni Gwakisa. Nilichagua Jumamosi kwa sababu Jumamosi saluni inajaa na Bupe hainui macho mpaka jioni. Nilikibeba kibubu ndani ya mfuko wa mchele. Fundi alining'olea kitako, akageukia ukuta, nami nikaweka mkono ndani nikitarajia laki tatu. Zilikuwa laki mbili na risiti ya mafuta ya nywele.

Niliisoma mara mbili. Halafu nikafurahi. Naona aibu kulisema, lakini nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimekuja pale nikijiona mtu mbaya kuliko wote walioapa kanisani Desemba ile, na kumbe tulikuwa wawili.

Nikachukua laki na nusu. Nikaandika.

11.

Karatasi ya pili (nusu ukurasa wa daftari la mazoezi, mistari ya bluu):

Nimeazima 150,000. Deni la Mwalimu Kyando. Nitarudisha kabla ya tarehe 29 Juni. Nimeona yako. Sijasema kitu. — G.

12.

Yaliyosemwa nyumbani jioni ya Jumamosi hiyo:

"Umeshindaje?"
"Salama. Wewe?"
"Miguu inauma."
"Pole."

13.

Kitabu cha Fundi Sanga, Aprili:

Jumanne tar. 15. Dada. Kufungua na kufunga. 2,000. Amelipa. (Mashimo yameanza kulegea.)

14.

Karatasi ya tatu (risiti nyingine ya mafuta ya nywele, upande wa nyuma):

Nimerudisha 50,000, bado 50,000. Pasaka imewahi. Kyando anakudaije? Deni gani? — B.

15.

Hapa naomba nijitetee, maana najua unavyonitazama.

Jumanne alikuwa anakuja mke. Jumamosi alikuwa anakuja mume. Mimi katikati, na nyundo. Unasema ningeongea. Ningeongea nini, na kwa nani? Miaka thelathini natengeneza vitanda mji huu na sijawahi kumuuliza mtu kitanda kimevunjikaje.

Mama Sanga nilimweleza, bila kutaja majina. Akasema, "Hao wanaandikiana ndani ya sanduku?"

Nikasema ndiyo.

"Nyumbani wanalala vitanda viwili?"

Nikasema kitanda ni kimoja, nimekitengeneza mimi.

Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye kabisa, nimeshasahau, akasema, "Basi usiwafungie vizuri sana."

16.

Kitabu cha Fundi Sanga, Mei:

Jumamosi tar. 17. Mwalimu. Misumari ya inchi moja haishiki tena. Nimeweka ya inchi mbili. 2,000. Amelipa.

17.

Karatasi ya nne (daftari la mazoezi, mistari ya bluu, maneno matatu ya kwanza yamefutwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka):

██ ██████ ██
Ng'ombe wa tano.

Kwenu walitaka watano, kila mmoja laki tatu. Nilikuwa na wanne. Baba yako angesogeza tarehe, na ukumbi ulishalipiwa. Nilikopa kwa Kyando, nikasema nimemaliza. Leo nimechukua 150,000 nyingine. Sasa ndiyo nimemaliza. Posho ya kusahihisha mitihani ikitoka nitarudisha yote. Nisamehe. — G.

18.

Posho haikutoka.

19.

Kitabu cha Fundi Sanga, Juni:

Jumanne tar. 10. Dada. Kufungua na kufunga. Amekaa muda mrefu.

(Hakuna bei.)

20.

Nilikuwa nimekwenda kumalizia elfu hamsini yangu. Nilikuwa na furaha siku ile, nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimeshajisemea, nikirudisha hii nitamwambia mwenyewe, tutacheka, yaishe.

Nikasoma.

Nikamwambia fundi asigeuke bado. Halafu nikamwambia abaki amegeuka.

Hesabu siijui kama mume wangu lakini hii niliiweza. Kibubu ni cha wawili, nusu kwa nusu. Laki tatu zimetoka humo kulipa mahari yangu. Nusu yake ni yangu. Kwa hiyo nusu ya ng'ombe wa tano nimejilipia mwenyewe, kwa rasta za elfu kumi na tano kichwa. Sijui ni nusu ya mbele au ya nyuma.

Nilicheka. Fundi ni shahidi. Halafu nikalia, naye ni shahidi kwa masikio tu.

Siku ya mahari shangazi yangu alipiga vigelegele mara tano, akihesabu kwa vidole ili wasikie majirani. Baba alisimama akasema, "Watano, hawajapungua hata mguu." Baba yangu hasemi mambo makubwa. Hilo ndilo kubwa alilowahi kusema juu yangu, na kumbe ng'ombe mmoja mzima alikuwa wa mkopo, na aliyekuwa anajua ni Mwalimu Kyando.

Hela inauma kidogo. Kinachouma zaidi ni kwamba aliiambia karatasi. Analala umbali wa kiganja kutoka sikio langu. Alibeba neno lile ndani ya mfuko wa mchele mpaka kwa fundi seremala, akalipa elfu mbili ili alitie sandukuni.

Na mimi nilifanya hivyohivyo. Najua. Usinikumbushe.

Nikazitoa karatasi zote nne, mbili zangu na mbili zake, nikaziweka kwenye sidiria. Elfu hamsini nikaitumbukiza. Nikasema, tayari.

(Hizo ndizo unazosoma hapa. Nimezipanga kwa tarehe.)

21.

YAH: KUMALIZIKA KWA MKATABA WA PANGO

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kuwa mkataba wako wa vyumba viwili (2) na fremu moja (1) unafikia kikomo tarehe 30 Juni. Malipo ya kipindi kinachofuata ni miezi sita (6) kwa mkupuo, TZS 900,000/=. Malipo ya vipande hayatapokelewa. Maombi ya kuongezewa muda hayatapokelewa. Mpangaji mwingine ameshaiona fremu na ameipenda.

Nawatakia utekelezaji mwema.

Mwenye nyumba

22.

Jumamosi tarehe 21 Juni. Mwalimu alikuja na mfuko wake wa mchele. Nikafungua, nikageukia ukuta. Nikasubiri kusikia noti. Sikusikia noti.

"Fundi," akasema, "humu kulikuwa na karatasi."

Nikamwambia mimi hapa natazama ukuta.

"Hazimo."

Nikasema kama hazimo, basi hazimo.

"Sina cha kuweka," akasema. "Nilikuja kusoma tu."

Nikageuka. Unajua mwanaume akikaa kwenye benchi magoti yakiwa yamepanda juu? Nikapigilia ile ya inchi mbili. Akatoa elfu mbili yake, nikamwambia aondoke nayo, akanunue kitunguu.

23.

Yaliyosemwa nyumbani kuanzia Jumapili tarehe 22 mpaka Jumamosi tarehe 28, yote:

Chumvi imeisha.
Nimeleta.
Mama anasalimia.
Mjibu.
Mshahara umeingia.
Haya, weka yako nione. Na mimi yangu hii hapa.
Nimeona.
Nimeona.
Jumapili watakula nini?
Kuku.
Mmoja?
Mmoja.
Bupe.
Nini?
Hakuna.

24.

Vitu vilivyomo kwenye mkoba mweusi wa Bupe, siku hiyohiyo ya Jumamosi:

kitana
karatasi nne
kitambulisho
bahasha ya mgao wa kikoba cha akina mama wa mtaa: noti thelathini za elfu kumi

25.

Ndiyo, nilikuwa nazo. Mgao ulitoka tarehe ishirini na sita. Ni hela ya drayer. Ile niliyonayo inapuliza joto upande mmoja, mteja anatoka nusu mkavu. Nimeidunduliza drayer hiyo tangu kabla ya kuolewa.

Ningeweza kwenda kwa Sanga nikaziweka zote, Jumapili ikafika, laki tisa zikahesabika, wasimamizi wakala kuku wakaenda. Hakuna ambaye angejua kitu. Gwakisa angejua, na angenyamaza, na mimi ningenyamaza, na kwenye kiti cha pembeni tungekuwa tunamkalisha yule ng'ombe mpaka tuzeeke.

Nimeamua hivi. Akisema kwa mdomo, natoa. Akinyamaza, fremu iende.

Fremu ile nimeipaka rangi kwa mkono wangu. Lakini nimeamua.

26.

MUHTASARI

Siku: Jumapili, tarehe 29 Juni, saa tisa alasiri.
Waliohudhuria: Mzee Mwakalinga, Mama Mwakalinga, Bwana, Bibi.
Ajenda: kufungua.
Sala: Mama.
Kuku: mmoja. Paja moja limebaki kwa adabu.

Mzee alikilaza kibubu ubavu, akainua nyundo, akaishusha bila kupiga.

"Misumari hii ni ya inchi mbili," akasema. "Kwa Sanga nilikinunua kikiwa na ya inchi moja. Nilikishika mwenyewe."

Akang'oa. Mama akamwaga noti mezani akahesabu, akazipanga kwa laki, kila laki akiiwekea kijiko juu.

Vijiko sita.

"Hesabu tena."

Vijiko sita.

"Wanangu," Mama akasema, na hakuwa na hasira, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi, "hapa pamepungua laki tatu. Na kesho ni tarehe thelathini."

27.

"Nilikifungua mimi," nilisema.

Gwakisa aligeuka akanitazama kama ninayemwibia kitu.

"Mara tatu, Mama. Februari nilichukua laki moja, mchango wa Atupele. Aprili nikarudisha hamsini. Juni nikarudisha hamsini. Nilifanya kwa siri na nilikosea. Baba, naomba mnisamehe. Yangu nimeyamaliza."

Mzee akahesabu kwa vidole. "Kama umerudisha yote, basi hii laki tatu siyo ya kwako."

"Siyo ya kwangu."

Nje mteja alibisha hodi kwenye fremu, akaita dada, dada, akaenda zake.

28.

Sasa.

Mimi Bupe ndiye ninayekusimulia, na wote tumegeukia upande mmoja wa meza. Ameshika kijiko cha laki ya sita. Anakigeuza. Juu, chini. Masikio yamemwiva.

"Mama," anasema. Anakohoa. "Baba. Mahari ya Bupe..."

Anakunywa maji. Anakiweka kijiko chini.

"Hapana," anasema. Anavuta kiti chake, miguu ya kiti inalia sakafuni, anaugeuza uso wake kwangu, siyo kwao. "Bupe. Naomba nikuambie wewe. Wao wasikie."

"Sema."

Anaanza mbali. Anaanza na mvua ya siku ile aliyokuja kwetu Tukuyu na mshenga, viatu mkononi. Hapana haja ya kuanzia huko, lakini simharakishi. Ng'ombe wa kwanza alitoka kwa baba yake. Wa pili na wa tatu ni mshahara, miezi kumi na mmoja, ndiyo maana alikuwa anakuja kunitembelea kwa miguu akisema ni mazoezi. Hilo sikulijua. Wa nne aliuza pikipiki.

Mkoba uko chini ya kiti changu. Nimeinama kidogo. Zipu iko mkononi na sijaivuta.

Bado yuko kwenye ng'ombe wa nne.